Mogitu kabla ya jalala

Mogitu ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, pale barabara kuu itokayo Babati kwenda Katesh na Singida inapoachana na njia ya Basotu na Haydom. Kukaa njia panda kuna faida na hasara zake. Bidhaa hufika mapema, na takataka nazo hufika mapema. Maji ya chupa, biskuti, sabuni ya unga ya vifuko, betri za tochi, pempasi: vyote hushuka hapa kabla ya kupakiwa upya kwenye bodaboda na malori ya kwenda vijijini. Lami ya Babati hadi Singida ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, mzigo uliongezeka na nauli ya mzigo ikapungua. Nyuma ya vibanda, kama ilivyo kwenye kituo chochote cha mabasi Tanzania, kukaota kirundo kinachochomwa moto jioni.

Kirundo hicho ni kigeni. Babu za watu wa hapa walikuwa na rundo moja tu nje ya nyumba, nalo lilikuwa mali. Lilikuwa rundo la samadi, na kila kilichobaki jikoni, zizini na shambani kiliishia humo: majivu, maganda, mabua yaliyokanyagwa, manyoya ya kuku, maji machafu. Ukifuata historia ya rundo hilo unakutana na historia ya kaya yenyewe, jinsi ilivyolima, ilivyokopeshana, ilivyohamishwa, na ilivyoanza kulipia vitu ambavyo zamani ilivipata kwa kuinama tu.

Mwanzo wake uko juu, kwenye milima ya Mbulu, katika nchi ya Irqwar Da'aw ambayo huitwa pia Mama Isara. Ndiko Wairaqw, ambao Watanzania wengi huwaita Wambulu, walikoishi kwa kubanana hadi mwisho wa karne ya 19. Nyumba zao zilichimbwa ubavuni mwa mlima, na paa la udongo likalingana na ardhi ya upande wa juu. Mvamizi aliyekuja kutafuta ng'ombe angeweza kufika karibu sana bila kujua kuwa chini yake kuna watu. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alizieleza nyumba hizo katika jarida la Tanganyika Notes and Records miaka ya 1950, akizitaja miongoni mwa mbinu za kujihami za makabila ya kaskazini. Humo ndani watu walilala upande mmoja na mifugo upande mwingine.

Ng'ombe akilala ndani, samadi nayo hulala ndani, na kutoka kwake asubuhi si jambo la hiari. Ng'ombe wa kienyeji hutoa samadi mbichi ya kilo 10 hivi kwa siku, na sehemu yake huangukia pale anapolala. Kwa hiyo siku ya mwanamke wa Kiiraqw ilianza kwa kukwangua. Alikusanya kinyesi pamoja na mabua yaliyolowa mkojo, akajaza kikapu, akatoka nacho na kukimwaga kwenye rundo. Majivu ya mafiga yalifuata. Samadi mbichi haikupelekwa shambani. Iliachwa ipate joto, ivuke, ipungue, igeuke nyeusi na kupoteza harufu kali, ndipo ibebwe kikapu kwa kikapu kabla ya kupanda. Mashamba ya karibu na nyumba ndiyo yaliyoshiba zaidi. Ya mbali yalipata kidogo au hayakupata kabisa, na mpaka leo mtu anayetembea kwenye shamba la mahindi la Mbulu anaweza kuona kwa macho mbolea iliishia wapi.

Huko shambani napo hakikupotea kitu. Magugu yaliyong'olewa yalifukiwa ndani ya matuta, yakaoza humo na kulisha zao lililofuata. Mifereji ilichimbwa kuongoza maji ya mvua yasibebe udongo. Mahindi yakivunwa, mabua yalirudi nyumbani kuwa chakula cha ng'ombe na matandiko yao, na mzunguko ukaanza upya. Kwa macho ya mgeni wa Kizungu hii ilikuwa ajabu: ardhi ya mteremko mkali, watu wengi, na mavuno yasiyokoma.

Wataalamu walilitafutia jambo hilo sababu, na jibu lililokubalika kwa miaka mingi lilikuwa jepesi mno. Walisema Wairaqw walizingirwa na Wamaasai. Kwa kuwa hawakuweza kutoka, walilazimika kubana kila kilichokuwepo. Mwaka 2004 mwanajiografia Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm alitoa kitabu kizima kuhusu kilimo cha nyanda za juu za Mbulu, na humo akalipinga jibu hilo. Alionyesha kwamba mashamba yale hayakujengwa kwa hofu wala kwa mpango mkubwa wa mara moja. Yalijengwa kidogo kidogo, ndani ya kazi za kila siku, kizazi baada ya kizazi, na mkulima alipopalilia alikuwa papo hapo anaijenga ardhi. Ni vigumu kutokubaliana naye. Kama kuzingirwa ndiko kulikofundisha watu kutunza samadi, mbona waliobaki Kainam, huko huko milimani, waliendelea kuibeba hata baada ya mashambulizi ya Wamaasai kwisha?

Uchumi huu ulikuwa na benki yake pia. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote chini ya paa moja. Aliwagawa kwa ndugu, mashemeji na majirani. Aliyepokea ng'ombe alikamua maziwa na kubaki na samadi. Ng'ombe na ndama waliendelea kuwa wa mwenyewe. Mwenye mali alijikinga: ugonjwa ukiingia boma moja, haukummaliza. Mpokeaji naye, hata kama hakuwa na mtamba hata mmoja wa kwake, alipata rutuba ya shamba bila kutoa kitu mkononi. Leo tungesema alipunguza gharama za pembejeo. Yeye angesema tu kwamba shemeji yake ni mtu mwema, na kwamba siku shemeji akiwa na kazi shambani itabidi aende.

Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1890. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa muongo huo, iliwavunja nguvu Wamaasai, kisha utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza ukafunga njia za uvamizi. Katika karne ya 20 Wairaqw walitapakaa: kaskazini hadi Karatu, kusini hadi Dongobesh na mpaka miteremko inayouzunguka mlima Hanang. Mogitu ni sehemu ya mkondo huo wa kusini. Hapa waliwakuta Wadatoga, hasa Wabarbaig, wafugaji ambao nchi ilikuwa yao na malisho yao yalitapakaa hadi Basotu na ziwa Balangida.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni hili: mjukuu wa mtu aliyebeba samadi kwa kikapu Kainam, alipofika kwenye ardhi mpya na pana, mara nyingi aliacha kuibeba. Udongo ulikuwa bado na nguvu. Plau ya kukokotwa na ng'ombe iliwezesha kulima eneo kubwa kuliko lile ambalo samadi ya boma ingeweza kulilisha. Rundo nje ya nyumba likakua mpaka likawa kichuguu na watoto wakalichezea. Kwa hiyo wanaopenda kusema kwamba kabila fulani lina asili ya kutotupa kitu wangepaswa kwanza kutembea kutoka Kainam hadi uwanda wa chini. Watu ni wale wale, damu ni ile ile. Kilichotofautiana ni ekari.

Wadatoga walileta kipaji cha aina nyingine. Miongoni mwao kuna ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao kwa desturi huoana wenyewe kwa wenyewe na kurithishana ufundi. Wairaqw walikuwa wateja wao wakubwa wa vitu vya chuma: mikuki, visu, mishale. Hadi leo wahunzi wa Kidatoga hutegemea chuma chakavu, na wageni wanaotembelea ziwa Eyasi hupelekwa kuwatazama wakifanya kazi.

Kazi yenyewe huchukua muda mfupi kuliko mtu anavyodhani. Mhunzi huchimba kishimo kidogo ardhini, akakijaza mkaa, na msaidizi hukaa nyuma akibana na kuachia viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kimoja kikijaa pumzi wakati kingine kinatoa, moto usipate nafasi ya kupoa. Katika chungu kidogo hutiwa kufuli bovu lililopasuliwa, koki ya bomba, vipande vya shaba vya spea za magari. Vikiyeyuka hutoa mwali wa kijani. Kimiminika humwagwa kwenye mfereji wa kalibu, kikaganda kuwa ufito, na ufito hugongwa, hukunjwa, husuguliwa kwa mchanga na kuchorwa mistari mpaka uwe bangili. Sufuria iliyotoboka hufuata njia hiyo hiyo na kutoa bangili nyeupe. Misumari mirefu hugongwa kuwa vyembe vya mishale, ambavyo wawindaji Wahadzabe hubadilishana kwa asali. Mwanamke wa Kidatoga anayeonekana mnadani Katesh na mikono iliyojaa bangili huenda amevaa nusu ya bomba la maji la mtu fulani.

Nguo yake ya heshima nayo ilifuata mantiki ile ile. Hanang'weend, sketi ya ngozi yenye nyuzi nyingi, hutengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Kibuyu cha maziwa kikipata ufa hakikutupwa. Kilitobolewa vitundu pande mbili za ufa na kushonwa kwa uzi wa kano au wa gome, kama mtu anavyoshona kidonda. Kibuyu chenye mishono mingi kilikuwa na historia, na hakuna aliyeona haya kukitumia mbele ya wageni.

Ukoloni ulileta kitu kimoja ambacho watu wa hapa, kama watu wa Afrika Mashariki nzima, walikipokea kama zawadi: debe. Mafuta ya taa yalisafirishwa katika makopo ya mraba ya galoni nne, lita 18 hivi, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yalikwisha, kopo likabaki, na maisha yake ya pili yakawa marefu kuliko ya kwanza. Debe lilichota maji, lilichemsha pombe, lilipima mahindi. Mpaka leo bei ya nafaka Hanang hutajwa kwa debe na gunia ni la debe sita, ingawa debe lenyewe sasa mara nyingi ni ndoo ya plastiki. Lililotoboka lilipasuliwa na kunyooshwa kuwa bati la paa au mlango wa banda la kuku. Vikopo vidogo viliingia mikononi mwa mafundi waliovitilia utambi na kuvifanya vibatari. Tairi la lori lililokwisha likakatwa katambuga, viatu ambavyo mfugaji huvivaa kupita kwenye miiba ya Balangida bila wasiwasi na ambavyo, kwa jinsi vinavyodumu, ni hasara kwa muuza viatu.

Chupa ya soda ilikuja na ujanja mwingine: amana. Mteja alilipia chupa, akairudisha, akapewa hela yake au akachukua soda nyingine kwa bei ya kinywaji tu. Watoto wa Mogitu hawakuhitaji semina ya mazingira kuokota chupa. Walihitaji kujua duka gani hulipa.

Pombe inaeleza jinsi takataka zilivyoingia kuliko kitu kingine chochote. Mnorwei Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wairaqw na kuchapisha makala yake mwaka 1996, alieleza jinsi pombe ya mtama, kama maziwa, ilivyoendelea kwa muda mrefu kuwa kitu cha kukaribishana, cha kazi ya pamoja na cha kuwaheshimu wazee, hata pale fedha ilipokwisha kuingia katika mambo mengine mengi. Pombe hiyo ilipikwa nyumbani, ikanywewa kwenye kibuyu, na machicha yakapewa ng'ombe na kuku. Hakuna kilichobaki cha kuokotwa.

Kisha vikaja viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Kila mnywaji aliacha alama yake njiani: kifuko kimoja, kimepasuliwa kona kwa meno. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu za afya ya vijana zaidi ya uchafu. Lakini yeyote aliyepita kwenye minada ya Manyara kabla ya hapo anakumbuka ardhi ilivyometameta.

Turudi kwenye samadi, maana ndiyo iliyopata pigo kubwa kabla ya plastiki. Kati ya mwaka 1974 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha kaya kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika mashambani na kuzipanga pamoja. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 2007 jinsi zoezi hilo lilivyogongana na namna watu wa mashariki mwa nchi ya Wairaqw walivyoielewa ardhi yao: kila kilima, chemchemi na mti ulikuwa na maana na matumizi. Mtu anaweza kuongeza hesabu moja ya kawaida kabisa. Samadi ni nzito. Nyumba ikiwa katikati ya shamba, kikapu kinabebwa hatua hamsini. Nyumba ikiwa kwenye mstari wa kijiji na shamba likiwa kilometa mbili, kikapu hicho hicho kinahitaji punda na mkokoteni, au kinabaki pale pale mlangoni. Zizi lililoachwa, lenye rutuba ya miaka ishirini, likabaki nyuma likiotesha mchicha wa porini.

Upande wa Basotu, pigo lilikuwa la ardhi yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kupitia shirika la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba saba ya ngano, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Hapa inatosha kusema kwamba mfugaji aliyenyimwa uwanda alibanana na mkulima wa miteremkoni, na malisho yakawa haba. Mabua ya mahindi, ambayo zamani jirani aliruhusu yaliwe bure baada ya mavuno, yakaanza kuwa na bei.

Na kama tunasema juu ya upotevu unaoila kaya, basi jalala siyo mahali pa kwanza pa kutazama. Ghala ndilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mpya kutoka Amerika ya Kati alionekana mkoani Tabora, ambako wakulima walimpa jina la lori, Scania. Sehemu nyingine anaitwa dumuzi. Anatoboa punje mpaka gunia linabaki unga, tena unga usiolika. Utafiti uliofanywa Manyara, Dodoma na Morogoro na kuchapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba wakulima wa mahindi hupoteza asilimia 15 hadi 25 ya mavuno wakati wa kuhifadhi pekee. Kwa kaya yenye gunia kumi, hayo ni magunia mawili hivi, yaani ada ya shule au mabati kadhaa.

Dawa ya kwanza ya wazee ilikuwa majivu, yaliyochanganywa na mahindi au maharage ili kumkausha na kumkera mdudu. Yanasaidia kwa wadudu wa zamani. Kwa dumuzi hayatoshi. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka tatu inayozuia hewa: mdudu aliyemo ndani hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa ya kunyunyiza. Ni plastiki, ndiyo. Lakini mfuko mmoja hutumika misimu miwili au mitatu ukitunzwa usitobolewe na panya, na unaokoa chakula cha thamani kubwa kuliko bei yake. Huyu ni mgeni wa plastiki ambaye hata bibi mkali wa Kainam angempa kiti.

Haifai pia kuyapamba mambo ya zamani kupita kiasi. Kulisha mifugo mabaki ya jikoni huonekana ni busara tupu, na kwa ng'ombe na kuku ni hivyo. Nguruwe walipoenea Mbulu, wakiachwa wazurure na kula walichokikuta, pamoja na kinyesi cha watu pale vyoo vilipokosekana, mzunguko uligeuka kuwa njia ya tegu. Utafiti wa nguruwe 770 wilayani Mbulu, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta asilimia 17.4 wana malengelenge ya mdudu huyo. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, walihusisha mdudu huyo na kifafa kwa binadamu. Suluhisho liko wazi na ni rahisi kulitaja kuliko kulijenga: banda la nguruwe na choo kinachotumika.

Plastiki ya dukani ilipokuja ilikuta njia zote za zamani zikiwa wazi, na hakuna hata moja iliyoifaa. Ng'ombe akila mfuko hufa. Samadi yenye nailoni huziba mbegu zisiote. Mhunzi hana cha kufanya nayo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 2019 kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ingepigwa marufuku, na tarehe 1 Juni mwaka huo ikawa hivyo. Atakayekutwa anaitumia hutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Mfuko wa Rambo wa bure ukatoweka, na mahali pake pakaja mfuko wa kitambaa laini unaouzwa, ambao wanawake wengi waliutunza kwa sababu waliulipia, kama walivyokwisha kutunza salfeti za mbolea na sukari kwa kubebea mahindi, kutandaza mtama juani na kukingia upepo dirishani.

Marufuku hayo hayakugusa vifungashio vya viwandani. Kifuko cha sabuni, cha majani ya chai, cha kiungo cha pilau, vyote vimebaki halali, na kwa kaya isiyo na hela ya kununua kilo, ndivyo vinavyonunulika. Hapa pana dhuluma ndogo isiyosemwa sana: anayenunua kidogo kidogo hulipia zaidi kwa kila gramu, kisha anabaki na karatasi za plastiki kumi badala ya moja. Mafuta ya kula yanayouzwa kwa kupima, mteja akija na chupa yake, ni nafuu zaidi na hayaachi kitu. Wenye maduka wanaoendelea kuuza sukari, chumvi na mafuta kwa kupima wanafanya kazi kubwa ya kupunguza takataka kuliko mabango mengi ya halmashauri.

Samadi nayo imeanza kurudi, safari hii ikisukumwa na bei. Mwaka 2022 mbolea ya viwandani ilipanda mpaka mfuko wa kilo 50 wa DAP ukauzwa zaidi ya shilingi 130,000. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoushusha hadi 70,000 hivi. Hata kwa bei hiyo, mkulima wa ekari mbili alipiga hesabu mara mbili. Kwenye vijiji vya kaskazini samadi iliyoiva sasa ina mnunuzi, na mkokoteni wa punda unaoibeba una nauli yake.

Wenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofugwa ndani wana njia nyingine. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikieneza mitambo ya gesi ya samadi tangu miaka ya 1980, na mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulianza mwaka 2009. Mtambo hula samadi na maji kwa kipimo sawa kila siku, hutoa gesi ya kupikia, na tope linalotoka nyuma huenda shambani likiwa bado na rutuba. Kuni zinapungua, moshi unapungua, samadi haipotei. Kikwazo ni gharama ya kujenga, na katika sehemu za Hanang ni maji: ndoo mbili za mtambo ni ndoo mbili ambazo mtu amezibeba kichwani.

Asiye na ng'ombe ndiye aliyepungukiwa zaidi, kwa sababu desturi ya kukopeshana mifugo imefifia kadiri malisho yalivyobanwa na ng'ombe walivyogeuka kuwa fedha ya mnadani. Kwake imebaki mboji: mabua yaliyokatwakatwa, majani ya maharage, maganda ya ndizi na viazi, majivu kidogo, na ndoo chache za samadi ya kununua ili kuchachusha. Tabaka hurundikwa, humwagiwa maji, hufunikwa kwa majani na kupinduliwa kila baada ya wiki chache. Huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Mvua za Hanang huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo rundo linapaswa kuanzishwa Agosti au Septemba mapema, kabla jirani hajaingiza ng'ombe wake kwenye mabua.